Kurejesha Mafaili Yaliyofutwa Kwenye Diski, na Yanayoweza Kupotea Njiani

Mtu aliyefuta folda kwa bahati mbaya huwa na swali moja tu: itarudi au haitarudi? Fundi anayeijua kazi yake humjibu kwa kumuuliza ni nini hasa anachohitaji kirudi, kwa sababu faili lina sehemu kadhaa ambazo hazihifadhiwi mahali pamoja wala hazipotei kwa wakati mmoja. Kuna yaliyomo, yaani maandishi, picha au sauti yenyewe, kuna jina, kuna njia inayoonyesha faili lilikuwa ndani ya folda gani, kuna tarehe za kuundwa na kubadilishwa, kuna ruhusa za nani anaweza kulifungua, na kuna ramani inayouonyesha mfumo endeshi faili limegawanyika katika vipande vingapi na kila kipande kiko wapi kwenye diski. Picha inaweza kurudi nzima bila jina, na jina linaweza kurudi likiwa limebeba yaliyomo ya faili jingine kabisa.

Mwongozo huu unaifuata kazi tangu faili linapofutwa hadi linapokabidhiwa kwa mwenyewe, na katika kila hatua unaonyesha kinachoweza kupotea, kikiwemo kile kinachopotezwa na urejeshaji wenyewe. Umelenga diski za sumaku zenye sahani zinazozunguka, ambazo bado zimo katika kompyuta nyingi za mezani na diski nyingi za nje. SSD, yaani diski zisizo na sahani zinazohifadhi data kwenye chipu, zimeguswa pale tu inapolazimu.

Kinachotokea faili linapofutwa

Mfumo endeshi ukiagizwa kufuta faili, kwa kawaida hauigusi data yake. Huandika tu katika kumbukumbu zake kwamba nafasi ile sasa iko wazi, na namna unavyoandika hivyo ndiyo inayoamua nini kitabaki cha kurejeshwa.

Katika NTFS, mfumo wa faili (yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski) unaotumiwa na Windows, kila faili lina rekodi yake kwenye jedwali kuu liitwalo MFT, na kwa kawaida rekodi hiyo ina baiti 1,024. Faili likifutwa, rekodi huwekwa alama kwamba haitumiki tena na klasta zake, yaani vizio vya nafasi ya diski lilivyogawiwa, hutangazwa kuwa wazi, lakini jina, tarehe na orodha ya mahali vipande vilipo hubaki humo humo hadi rekodi itakapopewa faili jipya. Habari hiyo ni njema kwa muda mfupi tu. Windows hutumia rekodi zilizo wazi kabla ya kuongeza nyingine, kwa hiyo mafaili madogo ya muda yanayoundwa na kivinjari yanaweza kuifuta ramani ya faili lako hata kama data yake haijaguswa. Faili dogo sana, lisilozidi takribani baiti 700, huwekwa ndani ya rekodi hiyo hiyo. Rekodi ikichukuliwa, jina na yaliyomo vimeondoka pamoja.

FAT32, ambayo bado inakutwa kwenye flashi, kadi za kamera na baadhi ya diski za nje, hupoteza mambo mengine. Baiti ya kwanza ya jina fupi hubadilishwa kuwa E5, na mnyororo wa klasta kwenye jedwali la FAT huandikwa sufuri. Faili lililoitwa HARUSI.JPG huonekana kwenye programu ya urejeshaji kama _ARUSI.JPG, na kuijaza herufi hiyo ni kazi ndogo. Hasara kubwa ni ule mnyororo. Kinachobaki ni ukubwa wa faili na mahali lilipoanzia, hivyo programu hulazimika kudhani kwamba liliandikwa mfululizo: picha ya megabaiti 3 kwenye diski yenye klasta za kilobaiti 32 itachukuliwa kuwa klasta 96 zinazofuatana. Ikiwa kweli zilifuatana, picha inarudi yote. Ikiwa klasta ya 41 ilikuwa imewekwa kwingine, basi kuanzia hapo unachopewa ni mali ya faili jirani, ilhali jina na ukubwa vinaonekana sahihi bila dosari.

Katika ext4 ya Linux hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa orodha ya mahali data ilipo hufutwa kwenye inodi, yaani rekodi ya faili, wakati huo huo faili linapofutwa. Programu za kurejesha huko hutegemea jarida la mfumo wa faili, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya karibuni, nalo ni dogo na hujiandika upya mfululizo, kwa hiyo saa chache za matumizi ya kawaida zinatosha kuliondoa tumaini hilo.

Ndani ya SSD kuna amri iitwayo TRIM, inayotumwa na Windows tangu toleo la 7 la mwaka 2009, ambayo huiarifu diski kwamba sekta fulani, yaani vipande vidogo vya nafasi yake, hazihitajiki tena. Baada ya hapo mara nyingi diski hurudisha sufuri hata kama data haijaondolewa kwenye chembe zake. Katika hali hiyo programu ya kununua haitakufaa kuliko ya bure, na ni heri mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Hatua ya kwanza: zuia diski isiandikwe

Nafasi iliyotangazwa kuwa wazi inaweza kuchukuliwa dakika yoyote, na anayeichukua mara nyingi si mtumiaji. Windows huandika bila kuombwa: faili la ukurasa, faharasa ya utafutaji, masasisho, kumbukumbu za matukio, kazi ya kupanga upya diski inayojiendesha kila wiki. Kivinjari huandika picha za kila ukurasa unaoufungua, na hapo ndipo watu wengi hujiumiza, kwa sababu jambo la kwanza wanalofanya baada ya kufuta faili kwenye diski C ni kuingia mtandaoni kutafuta programu ya kulirejesha, kisha wanaipakua na kuisakinisha kwenye diski C hiyo hiyo.

Ikiwa faili lilikuwa kwenye diski ya nje au sehemu isiyobeba Windows, funga programu zote, iondoe diski kwa utaratibu na usiichomeke tena hadi hatua ya tatu. Ikiwa lilikuwa kwenye diski yenye mfumo endeshi, zima kompyuta. Hapa mafundi hutofautiana: wengine huzima kwa njia ya kawaida, wengine hukata umeme. Kuzima kwa kawaida huandika mambo kadhaa kwenye diski, na kama Windows inasubiri kusakinisha masasisho, inaweza kuandika gigabaiti kadhaa kabla ya kuzimika. Kwa maoni yangu, ukiona kitufe cha kuzima kinataja masasisho na faili lililopotea ni la thamani, shikilia kitufe cha umeme hadi mashine izimike. NTFS ina jarida linaloisaidia kusimama tena, na hatari ya kukata umeme mara moja ni ndogo kuliko hasara ya masasisho.

Baada ya hapo usiiwashe kompyuta kwa kutumia diski hiyo. Itoe na uiunganishe kwenye mashine nyingine, au iwashe kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi. Ukiichomeka kwenye mashine nyingine yenye Windows, unaweza kuulizwa kama ungependa diski ikaguliwe na kurekebishwa, au kuambiwa kwamba lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Kataa yote mawili. Programu ya CHKDSK kazi yake ni kuuweka mfumo wa faili katika hali ya kueleweka, na ili kufanya hivyo iko tayari kutupa rekodi ambazo ndizo ulizokuwa unazitafuta. Vipande isivyojua ni vya nani huviweka kwenye folda ya FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK, bila jina la asili na bila kiendelezi chake, kama .docx au .jpg. Kufomati kikamilifu ni kubaya zaidi, kwa kuwa tangu Windows Vista huandika sufuri kwenye sehemu yote ya diski.

Hatua ya pili: tafuta nakala kabla ya kutafuta mabaki

Ukaguzi huu ufanyike kwenye kifaa kingine kila inapowezekana. Tazama pipa la taka la huduma ya mtandaoni, kwa mfano Google Drive ambayo huhifadhi vilivyofutwa kwa siku 30. Tazama viambatisho vya barua pepe, simu ya aliyetumiwa waraka, kadi ya kamera ambayo huenda bado haijafutwa. Nakala iliyotumwa kwa mtu wiki iliyopita, hata kama haina masahihisho ya mwisho, mara nyingi ina thamani kuliko faili lililorejeshwa lenye mashimo.

Pipa la taka la Windows linastahili maelezo zaidi, kwa sababu linaweza kusaidia hata baada ya kumwagwa. Faili linapotupwa humo, Windows hulipa jina jipya linaloanza na $R na kufuatiwa na herufi sita za kubahatisha, kisha huunda faili dogo la pili linaloanza na $I lenye herufi zile zile, ambalo ndani yake kuna njia ya asili, ukubwa na wakati wa kufutwa. Pipa likimwagwa, yote mawili hufutwa. Programu ya urejeshaji ikikuletea $R7K2QX1.docx, usikate tamaa kwa jina hilo la ajabu, tafuta $I7K2QX1.docx na ulifungue kwa kihariri cha heksa (programu inayoonyesha baiti za faili moja moja), utalisoma jina la zamani pamoja na folda yake. Kwa bahati mbaya $I ni dogo kiasi cha kukaa ndani ya rekodi ya MFT, hivyo huwa la kwanza kupotea. Mafaili yaliyofutwa kwa Shift na Delete, au yaliyofutwa kwenye flashi na folda za mtandao wa ofisi, hayapitii pipa hilo kabisa.

Hatua ya tatu: tambua unachoshughulika nacho

Ukiwa kwenye Linux, amri ya `lsblk -f` itakuonyesha kila diski, sehemu zake na mfumo wa faili wa kila sehemu. Amri ya `lsblk --discard` itakuonyesha kama diski inapokea TRIM. Safu zisizo na sufuri zina maana kwamba inapokea. Usishangae ukiiona kwenye diski ya sahani, kwani baadhi ya diski za aina ya SMR, zinazobana njia za sumaku ili zipate nafasi kubwa, nazo hupokea amri hiyo, na mafaili yaliyofutwa humo yanaweza kusomeka kama sufuri sawa na kwenye SSD.

Angalia pia kama diski imefichwa kwa BitLocker, chombo cha Windows cha kufunga data kwa ufunguo. Bila nenosiri au ufunguo wa tarakimu 48, kila kilichomo ni kelele, na hakuna hatua inayofuata itakayobadilisha hilo. Baadhi ya diski za nje huficha data ndani ya kibao kidogo cha USB kilicho kwenye kasha, hata kama mwenye diski hakuwahi kuweka nenosiri. Ukiitoa diski humo na kuiunganisha moja kwa moja, utasoma takataka. Kwa hiyo kasha lisitupwe, hata kama tundu lake limelegea.

Hatua ya nne: sikiliza afya ya diski

Kufutwa kwa faili na kuharibika kwa diski ni matatizo mawili tofauti, lakini mara nyingi huja pamoja, kwa kuwa diski inayokufa huanza kwa kupoteza folda na mtumiaji hudhani amezifuta mwenyewe. Endesha `sudo smartctl -a /dev/sdb`, ukiweka badala ya sdb jina la diski yako uliloliona kwenye lsblk, na utazame kipengele cha 5, kinachohesabu sekta zilizokwisha badilishwa, na cha 197, kinachohesabu sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. Kikubwa ni cha 197: ikiwa si sufuri, kuna sehemu za diski ambazo tayari hazisomeki, na kuisoma tena na tena kwa programu ya kurejesha kunaweza kuongeza idadi hiyo.

Diski ikigonga kwa sauti ya kurudiarudia, ikikwaruza, au ikizunguka na kusimama, izime papo hapo. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na kichwa kilichovunjika kinaweza kukwangua utando wa sumaku wenye data. Kilichokwanguliwa hakirudishwi na maabara yoyote duniani. Kuifungua mezani, kuigonga, au kuiweka kwenye friza, ambako unyevu huganda juu ya sahani, ni njia za kugeuza kazi ngumu kuwa kazi isiyowezekana. Kubadilisha kibao cha elektroniki kwa kutumia kile cha diski inayofanana nako hakufai kwa diski za kisasa, kwa sababu kibao hubeba vipimo vya diski ile moja tu. Kazi ya namna hii inahitaji chumba kisicho na vumbi na vichwa vya akiba, na kama hakuna wa kuifanya karibu, diski ikae kabatini bila kuwashwa hadi apatikane.

Hatua ya tano: chukua taswira nzima ya diski

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu inachukua saa nyingi na inadai diski nyingine kubwa, ilhali ndiyo pekee inayokupa nafasi ya kukosea bila hasara. Taswira ni faili moja lenye kila sekta ya diski, zenye data na zilizo wazi. Diski ya gigabaiti 500 inahitaji gigabaiti 500 za nafasi hata kama ilikuwa na mafaili machache tu, na diski ya kuhifadhia isiwe na FAT32, ambayo haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Kunakili folda kwa kuburuta hakutoshi, kwani kunachukua yaliyo hai tu na kuacha yaliyofutwa.

Chombo kinachofaa ni GNU ddrescue, na hufanya kazi kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza husoma yanayosomeka kwa urahisi na kuruka yanayogoma:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/kazi/diski.img /media/kazi/diski.map`

Mzunguko wa pili hurudi kwenye sehemu ngumu na kuzijaribu mara tatu:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/kazi/diski.img /media/kazi/diski.map`

Jina la kwanza ni chanzo na la pili ni mahali pa kuandikia. Likiwa la pili ni diski, si faili, ddrescue hukataa kuendelea hadi uongeze `--force`. Ukiona katazo hilo, soma amri yako upya neno kwa neno kabla ya kuongeza chochote. Faili la tatu ni ramani ya kazi. Umeme ukikatika katikati, kuirudia amri ile ile huendeleza pale ilipoishia, mradi ramani ipo. Ukiipoteza ramani, utaanza upya na diski iliyochoka itasomwa tangu mwanzo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) haifai kwa kazi hii mahali ambapo umeme si wa kutegemewa, na laptopu iliyozeeka lakini yenye betri hai ni bora kuliko mashine mpya inayozimika kila radi ikipiga.

Taswira ikishakamilika, ipige alama ya vidole, yaani namba ya kuthibitishia kwamba haijabadilika, kwa `sha256sum diski.img` na uiandike namba hiyo pamoja na tarehe. Ikiwa faili linahusu kesi au mgogoro wa kazini, usiendelee mwenyewe, kwa kuwa kinachopotea hapo ni uwezo wa kuthibitisha kwamba hakuna aliyeligusa.

Hatua ya sita: rejesha kwa kutumia kumbukumbu za mfumo wa faili

Anza daima na njia inayosoma rekodi za zamani, kwa kuwa ndiyo pekee inayorudisha majina, folda na tarehe. TestDisk hufungua taswira moja kwa moja kwa `testdisk diski.img`, ukichagua sehemu husika na kuingia kwenye kipengele cha kurejesha vilivyofutwa, huonyesha orodha ya mafaili ya FAT, exFAT, NTFS na ext2. Kwa wanaopendelea Windows, Microsoft ilitoa mwaka 2020 programu ya bure ya mstari wa amri inayoitwa winfr, ambayo hulazimisha mahali pa kuhifadhia pawe diski tofauti, na huo ni ukali unaostahili sifa:

`winfr D: E: /regular /n \Mikataba\*.docx`

Hapa ndipo udanganyifu mkubwa wa urejeshaji wote unapojitokeza. Orodha itajaa majina uliyoyazoea, yenye ukubwa sahihi na tarehe sahihi, na mteja atafurahi. Lakini rekodi inasema tu mahali faili lilipokuwa. Haisemi kama nafasi hiyo imechukuliwa na nani baadaye. Programu nyingi huweka rangi au neno la kukadiria hali ya faili, na makadirio hayo huangalia kama klasta zimepewa faili lililo hai sasa hivi. Klasta iliyoandikwa na faili la muda, kisha faili hilo nalo likafutwa, huonekana wazi na salama ilhali yaliyomo si yako tena.

Mafaili makubwa ya NTFS yaliyotawanyika sana, kama vile makasha ya barua pepe ya PST au hifadhidata za uhasibu zilizokua kidogo kidogo kwa miaka, huhitaji rekodi zaidi ya moja kueleza vipande vyake. Rekodi moja kati ya hizo ikichukuliwa, faili linarudi na tundu katikati. Rekodi ya folda mama ikipotea, mafaili yake hukusanywa mahali pamoja kama yatima, na folda kumi zenye faili liitwalo Bajeti.xlsx hutoa mafaili kumi yanayogombea jina moja. Ziagize programu zisiandike juu ya lililopo. Winfr huuliza, nyingine haziulizi.

Hatua ya saba: chimba sekta pale rekodi zinapokosekana

Rekodi zikiwa zimekwenda, hubaki njia ya kuzipitia sekta moja baada ya nyingine na kutafuta alama za mwanzo wa aina fulani za mafaili: JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, PDF kwa %PDF, na nyaraka za DOCX kwa herufi PK kwa kuwa ndani yake ni kifurushi cha ZIP. PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier kama ilivyo TestDisk, ndiyo chombo kinachotumika zaidi. Iendeshe kwa `photorec diski.img`, chagua kuchimba nafasi iliyo wazi tu badala ya sehemu nzima ili usichanganye mafaili hai na yaliyofutwa, na upunguze aina za mafaili hadi zile unazozihitaji.

Matokeo yake huwashtua wasiotarajia. Hupati folda yako; unapata recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, kila moja ikiwa na mafaili yapatayo 500 yenye majina kama f1048576.jpg. Namba hiyo ni ya sekta faili lilipoanzia. Herufi t badala ya f huonyesha kwamba hiyo ni picha ndogo ya kijipicha iliyokuwa imefichwa ndani ya picha kubwa, mara nyingi ya pikseli 160 kwa 120, na wakati mwingine ndiyo pekee iliyosalia ya tukio zima. Majina, folda na ruhusa zimekwenda. Tarehe ya faili nayo imekwenda, isipokuwa pale ambapo imeandikwa ndani ya faili lenyewe.

Picha za kamera huhifadhi tarehe ya kupigwa kwenye data ya EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huandika ndani ya picha, na unaweza kuzipa majina mapya kwa tarehe hiyo:

`exiftool -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e "-FileName<DateTimeOriginal" folda_ya_nakala`

Fanya hivyo kwenye nakala, kwa sababu jina la namba lina faida yake: picha zenye namba za sekta zinazokaribiana mara nyingi zilinakiliwa siku moja, na huo unaweza kuwa ushahidi pekee kwamba picha isiyo na tarehe ni ya harusi ile ile. Picha zilizopitia WhatsApp hazina bahati hiyo. WhatsApp huondoa data ya EXIF inapoibana picha, na kuiacha tarehe kwenye jina peke yake, mfano IMG-20230105-WA0003.jpg, uchimbaji unapoliondoa jina, tarehe inapotea jumla.

Uchimbaji una dhana yake pia, kwamba faili limeandikwa mfululizo. JPEG iliyovunjika vipande viwili hutoka na nusu ya juu iliyo safi, watu wanatabasamu, kisha chini ya mabega yao rangi inageuka kijivu au milia ya picha nyingine. Video ya MP4 huumia zaidi, kwa sababu kamera nyingi huandika faharasa ya video mwishoni baada ya kurekodi kukamilika. Kipande cha mwisho kisipopatikana, gigabaiti mbili za video halali hazitachezwa na kichezaji chochote. Programu ya untrunc huweza kuijenga upya faharasa ikipewa video nzima iliyorekodiwa na kamera ile ile kwa mipangilio ile ile, kwa hiyo muombe mteja akurekodie sekunde chache. DOCX nayo hubeba orodha yake mwishoni. Ikikatika, jaribu `zip -FF waraka.docx --out waraka2.zip`, kisha utafute word/document.xml ndani yake, ambamo maneno yanaweza kuwepo hata kama picha na mpangilio wa kurasa vimepotea. Mafaili yaliyobanwa na NTFS yenyewe au kufichwa kwa EFS, njia ya Windows ya kuficha faili moja moja, mara nyingi hayana alama za kutafutwa, na kimya cha PhotoRec juu yake hakimaanishi kwamba hayakuwepo.

Hatua ya nane: kagua kila unachokusudia kukabidhi

Kuhesabu mafaili si kuyakagua. Fungua hati hadi ukurasa wa mwisho, sogeza video hadi mwisho, linganisha jumla za vitabu vya hesabu na nakala iliyochapishwa kama ipo. Lahajedwali inayofunguka bila malalamiko inaweza kuwa toleo la miezi mitatu iliyopita, kwa sababu Excel huhifadhi kwa kuandika faili jipya na kulifuta la zamani, na yote mawili yanaweza kurejeshwa.

Kwa diski iliyokuwa na sekta mbovu, ddrescue ina njia nzuri isiyojulikana sana ya kuyabaini mafaili yaliyoathirika. Andika maneno fulani kwenye faili dogo, kisha uagize maneno hayo yajazwe kwenye kila sehemu ya taswira ambayo haikusomeka. Fanya hivyo kwenye nakala ya taswira, kwani unaibadilisha:

`printf "SEKTA-MBOVU " > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt nakala.img diski.map`

Rejesha mafaili upya kutoka kwenye nakala hiyo na utafute maneno hayo kwa `grep -rl "SEKTA-MBOVU" folda`. Majina yatakayojitokeza ni ya mafaili yenye matundu, na mteja anapaswa kuyapata kwa maandishi, akijua ni yapi yanayofunguka lakini hayaaminiki.

Hatua ya tisa: kukabidhi na kufunga kazi

Mahali pa kukabidhia pana hasara zake ndogo. Ukinakili kutoka NTFS kwenda flashi ya FAT32 au exFAT, ruhusa za watumiaji zinapotea, na kwenye FAT32 video zinazofika gigabaiti 4 hazitaingia, jambo ambalo huonekana tu kama mtu amesoma ujumbe wa kosa uliopita katikati ya kunakili. Tumia NTFS na ulinganishe ukubwa wa jumla pande zote mbili.

Urejeshaji hautenganishi alichokifuta mwenye diski kwa bahati mbaya na alichokifuta kwa makusudi. Kwenye kompyuta ya mtumba utakutana na picha na hati za mtu wa kwanza, na kwenye kompyuta ya ofisi utakutana na barua za mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na fundi anayechungulia, kunakili au kuonyesha wengine asichoagizwa hujiweka pabaya kisheria. Kubalianeni mapema kwa maandishi ni folda zipi na aina zipi zinazotafutwa, na mengine yaachwe bila kufunguliwa.

Itunze taswira hadi mteja atakapokuwa ameyafungua mafaili yake kwenye mashine yake mwenyewe na kukuthibitishia, kwa kuwa kasoro nyingi hugunduliwa na anayeijua kazi iliyomo ndani. Diski ya awali isirudishwe kwenye matumizi kabla ya hapo. Baadaye futa taswira kwa kuijaza diski ya kazi sufuri au kuifomati kikamilifu, maana fomati ya haraka huacha kila kilichomo kikisubiri mtu mwingine mwenye PhotoRec.